Nafasi ya kwanza iuzwe? Hesabu ya Marekani kwa klabu na soko la Mbinga

Na Mwandishi Wetu

TIMU inayoshika mkia katika ligi ya futiboli ya Marekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, hupata kifuta machozi ambacho klabu za Ruvuma hazijapata kukiota. Mwaka unaofuata huwa ya kwanza kuchagua kijana inayemtaka kati ya wote wanaotoka vyuoni. Bingwa huchagua wa mwisho.

Hapo ndipo linapoanza swali la biashara. Je, timu hiyo imchukue kijana anayesifiwa kuliko wote, au iuze nafasi yake kwa timu nyingine na kupokea nafasi mbili, tatu au nne za chini? Swali hilo limewagawa makocha wa kule kwa miaka mingi, na wanauchumi nao wamelifanyia hesabu. Kwa mnunuzi wa kahawa wa Mbinga au wa dagaa wa Mbamba Bay si swali geni. Ni lile lile la kuchagua kati ya kitu kimoja cha bei kubwa na vitu kadhaa vya bei ya wastani, na la kujua nani kati ya wawili wanaopatana anaweza kungoja.

Hesabu zinaonyesha kwamba mara nyingi anayeshuka ndiye anayepata. Hata hivyo, faida yake haitokani na wingi wa nafasi peke yake. Inatokana na ukweli kwamba anayetaka kupanda huwa na haraka, na mwenye haraka hulipa zaidi ya thamani.

SOKO LA NAFASI

Ligi hiyo, NFL, ina timu 32. Uteuzi wa wachezaji wapya ulianza mwaka 1936 na siku hizi una raundi saba. Kila timu hupewa zamu kwa mpangilio wa kinyumenyume: dhaifu mbele, yenye nguvu nyuma. Zamu hizo ni mali. Timu inaweza kuzibadilisha kwa wachezaji, kwa zamu nyingine za mwaka huo huo, au kwa zamu za mwaka ujao.

Palipo na mali na wanunuzi, bei huzaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 timu ya Dallas Cowboys, chini ya kocha Jimmy Johnson, ilitengeneza jedwali la pointi kwa kila nafasi ili isipunjwe mezani. Nafasi ya 1 ilipewa pointi 3,000, ya 2 pointi 2,600, ya 16 pointi 1,000, na ya 32 pointi 590. Jedwali hilo lilienea kwa timu nyingine hadi likawa kama bei elekezi ya soko zima.

Tazama maana yake. Kwa mujibu wa jedwali hilo mchezaji wa kwanza ni sawa na wachezaji watatu wa nafasi ya 16, au karibu watano wa nafasi ya 32. Sasa swali la mhasibu: je, uwanjani kijana huyo huwa kweli sawa na watano?

Wanauchumi wawili wa Marekani, Cade Massey na Richard Thaler, walilifanyia kazi swali hilo. Utafiti wao ulianza kusambazwa mwaka 2005 na ukachapishwa rasmi mwaka 2013. Thaler ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017. Walilinganisha bei ya nafasi, mshahara wa mchezaji na kazi aliyoifanya uwanjani. Walikuta kwamba wa kwanza kweli ni bora kuliko wa pili, na wa pili kuliko wa tatu, ila tofauti ya uwezo ni ndogo sana ikilinganishwa na tofauti ya bei. Baada ya kutoa mshahara, ziada kubwa iliyobaki kwa timu haikutoka juu kabisa. Ilitoka kwa wachezaji waliochukuliwa karibu na mwanzo wa raundi ya pili.

Kipo kipimo kingine katika utafiti huo ambacho mfanyabiashara hawezi kukisahau. Chukua wachezaji wawili wanaocheza namba moja, waliochaguliwa wakifuatana. Aliyetangulia alikuja kuwa bora kuliko mwenzake kwa kadiri ya mara 52 katika 100. Hiyo ni karibu na kurusha sarafu. Pamoja na hayo, timu zilikuwa zikitoa mali nyingi ili kumpata huyo wa mbele badala ya huyo wa nyuma yake.

Mnunuzi wa kahawa anaijua hali hii. Madaraja ya AA, A na B hupangwa kwa ukubwa wa punje katika chekeche. Punje kubwa ina bei yake, na hakuna ubaya. Lakini ukubwa wa punje haukuhakikishii ladha ya kikombe, na mwonjaji aliyefunzwa anaweza kukuta kikombe kizuri katika daraja ambalo wengine wameliruka. Kila mtu anapokimbilia alama moja inayoonekana kwa macho, alama hiyo huuzwa ghali kuliko inachobeba.

WALIOPATA NA WALIOPOTEZA

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Oktoba 1989. Dallas ilikuwa timu mbovu iliyomaliza msimu huo kwa ushindi mmoja na vipigo 15. Ilikuwa na nyota mmoja tu, Herschel Walker. Ikamtoa kwa Minnesota na kupokea wachezaji watano pamoja na rundo la nafasi za uteuzi za miaka iliyofuata. Minnesota ilidhani imebakiza mtu mmoja kufikia ubingwa. Dallas ilizitumia nafasi hizo, nyingine ikazibadilisha tena, na ikatwaa ubingwa katika misimu ya 1992, 1993 na 1995. Minnesota haikufika hata fainali.

Mwaka 1999 New Orleans ilitoa nafasi zake zote za mwaka huo, na mbili za mwaka uliofuata, ili ipande hadi nafasi ya 5 kumchukua mkimbiaji Ricky Williams. Msimu wake wa kwanza timu ilishinda mechi tatu tu kati ya 16. Kijana hakuwa mbovu, ila timu ilikuwa imebaki na mtu mmoja na pengo kila upande.

Lakini wapo walioshuka wakaanguka. Mwaka 2011 Cleveland iliiuzia Atlanta nafasi ya 6 na kupokea nafasi tano, tatu za mwaka huo na mbili za mwaka 2012. Atlanta ilimchukua Julio Jones, aliyekuja kuwa mmoja wa wapokeaji bora wa kizazi chake. Cleveland iligawa nafasi zake kwa wachezaji ambao hakuna hata mmoja aliyeibeba timu. Na mwaka 2017 Kansas City ilipanda kutoka nafasi ya 27 hadi ya 10, ikitoa pia nafasi yake ya kwanza ya mwaka 2018, ili kumpata Patrick Mahomes. Akaipa ubingwa katika misimu ya 2019, 2022 na 2023. Mwaka huo huo Chicago ilikuwa imelipa ili isogee hatua moja tu, kutoka ya 3 hadi ya 2, na ikamchukua Mitchell Trubisky, ambaye haikudumu naye.

Kwa hiyo kushuka si dawa ya kila ugonjwa. Ikumbukwe pia kwamba hesabu za Massey na Thaler zilitokana na wakati ambapo wachezaji wa juu walilipwa mishahara mikubwa mno tangu siku ya kwanza. Mwaka 2011 ligi iliweka viwango vipya vilivyoishusha mishahara hiyo, na hivyo nafasi za juu zikawa na ziada kubwa kuliko zamani. Bei ikishuka, hoja ya kuuza nayo hupungua nguvu. Ni kanuni ya soko lolote.

Kuna sharti jingine ambalo hesabu haliandiki: nafasi nyingi hudai uwezo wa kulea wengi. Mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay anaweza kushawishika kuuza boti moja kubwa na kununua mitumbwi mitatu. Kama ana wavuvi, nyavu na taa za kutosha kwa yote mitatu, bahati mbaya ya usiku mmoja haitamfilisi. Kama watu wake wanatosha mtumbwi mmoja tu, miwili iliyobaki ni mbao zinazokauka mchangani.

RIBA YA MWENYE HARAKA

Sehemu ya utafiti ule inayofanana zaidi na Mbinga ni ile inayohusu zamu za mwaka ujao. Timu za Marekani zilikuwa na mazoea kwamba ukitaka nafasi ya raundi ya pili leo, unatoa nafasi yako ya raundi ya kwanza ya mwakani. Massey na Thaler waliigeuza desturi hiyo kuwa riba na wakapata takriban asilimia 136 kwa mwaka. Yaani mwenye haraka alikubali kulipa thamani ya 236 mwakani ili apate thamani ya 100 leo.

Hakuna benki inayothubutu kutangaza riba hiyo. Lakini katika milima ya Wamatengo inajulikana kwa jina la magoma. Mkulima mwenye kahawa shambani huishiwa fedha katika miezi ya mwanzo ya mwaka, wakati ada za shule, mbolea na chakula vinadai kwa pamoja. Mfanyabiashara humpa fedha au mbolea, na malipo ni kahawa ya msimu ujao kwa bei iliyopangwa siku ya njaa. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, na kahawa inatakiwa ipite kwenye vyama vya msingi na kuuzwa mnadani. Haraka ya mkulima, hata hivyo, haifutwi kwa tangazo.

Hebu tuweke namba za mfano. Mkulima anachukua shilingi 100,000 mwezi Januari. Mwezi Julai anatoa kahawa ambayo mnadani ingempa shilingi 154,000. Kwa miezi sita hiyo ni nyongeza ya asilimia 54. Iendelee hivyo mwaka mzima na utapata karibu asilimia 136, riba ile ile ya timu za Marekani. Akitoa kahawa ya shilingi 200,000, amezipita timu hizo kwa mbali.

Kuna tofauti moja ya haki. Timu ya Marekani inayokopa zamu ya mwakani ina matajiri nyuma yake, na haraka yake hutokana na kocha anayeogopa kufukuzwa. Haraka ya mkulima hutokana na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Hata hivyo soko halitofautishi. Huwapa wote wawili bei ya mwenye haraka.

KLABU YA MKOA NA KIJANA WAKE

Sasa turudi uwanjani, hapa hapa kusini. Tanzania haina uteuzi wa zamu. Mchezaji husajiliwa dirisha linapofunguliwa, na mwenye fedha ndiye anayechagua wa kwanza. Ruvuma inaijua ladha ya ubingwa: Majimaji ya Songea ilitwaa ubingwa wa nchi katika miaka ya 1980 na tena mwaka 1998. Inajua pia uchungu wa kushuka daraja, kwani timu hiyo ilirejea Ligi Kuu mwaka 2015 na kuondoka tena mwaka 2018.

Klabu ya Mbinga au ya wilaya ya Nyasa haina zamu ya kwanza ya kuuza. Mali yake ni kijana mmoja anayechomoza. Siku wakubwa wa Dar es Salaam wanapomtaka, klabu hujikuta katika kiti kile kile cha Dallas ya 1989: kumng'ang'ania, kumuuza kwa fedha taslimu, au kumtoa kwa vitu vingi vidogo ambavyo vingine vitaiva baadaye.

Tuchukue mfano wa kubuni. Klabu kubwa inaleta mapendekezo mawili kwa kijana wa miaka 18. La kwanza ni shilingi milioni 9 mkononi, na habari imeishia hapo. La pili ni shilingi milioni 4 mkononi, vijana wawili kwa mkopo wa msimu mmoja ambao mishahara yao ya shilingi milioni 3 italipwa na klabu kubwa, na asilimia 20 ya fedha zote kijana akiuzwa tena.

Tuseme uwezekano wa kuuzwa nje ya nchi baada ya miaka mitatu ni mmoja katika kumi, kwa shilingi milioni 200. Asilimia 20 ni milioni 40, na sehemu ya kumi yake ni milioni 4. Kwa haraka pendekezo la pili linaonekana kuwa na thamani ya milioni 11. Lakini milioni 4 za mwisho ni za miaka mitatu ijayo, na ni lazima zipunguzwe.

Klabu yenye mfadhili mvumilivu, ambayo gharama ya fedha kwake ni asilimia 15 kwa mwaka, itaona milioni 4 hizo kuwa sawa na milioni 2.63 leo. Jumla ni milioni 9.63. Inapaswa kuchukua pendekezo la pili. Klabu inayoishi kwa madeni yenye riba kama ya magoma itaona milioni 4 zile zile kuwa shilingi 300,000 tu leo. Jumla ni milioni 7.3. Inapaswa kuchukua milioni 9 na kulipa madeni yake.

Kijana ni yule yule na mkataba ni ule ule. Jibu limegeuka kwa sababu ya hali ya mfuko. Ndiyo maana kiongozi wa klabu anayeuliza tu kijana ana thamani gani, ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni klabu yake inaweza kungoja miezi mingapi bila kukopa.

FEDHA ZISIZOHITAJI KUBISHANIWA

Lipo fungu jingine ambalo viongozi wengi wa klabu ndogo hulisahau. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa kwa klabu zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 hupata asilimia 0.25 ya bei yote, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 hupata asilimia 0.5.

Mbwana Samatta alipita African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011 na Genk ya Ubelgiji Januari 2016. Januari 2020 Genk ilimuuza kwa Aston Villa ya Uingereza kwa bei iliyoripotiwa kuwa karibu pauni milioni 8.5. Asilimia 5 ya bei hiyo ni pauni 425,000. Msimu mmoja wa malezi akiwa na miaka 16 au zaidi una fungu la pauni 42,500, na msimu mmoja wa miaka 12 hadi 15 una pauni 21,250. Kwa klabu ya wilaya, hayo ni mapato ya miaka kadhaa kutokana na mchezaji mmoja.

Haki hiyo haipatikani kwa kubishana mezani. Inapatikana kwa kumbukumbu za usajili. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kukusanya na kugawa fedha hizi, na chombo hicho hufuata karatasi. Kijana aliyechezea klabu ya Lituhi miaka minne bila kusajiliwa, kwa macho ya FIFA hakuwahi kuchezea Lituhi. Kumsajili mtoto wa miaka 12 ni kama kuchukua nafasi ya chini kabisa katika uteuzi: gharama yake ni ndogo, wengi hawataiva, na anapoiva mmoja analipa kwa wote.

MASWALI MATATU KABLA YA KUSAINI

Kwa kiongozi wa klabu, na kwa mfanyabiashara anayepima kama auze kitu chake kimoja kizuri, hesabu hizi zote zinaishia katika maswali matatu.

Kwanza, je, bei inapanda kwa kasi kuliko ubora? Kama tofauti ya ubora ni ndogo na mnunuzi analipa kana kwamba ni kubwa, uza na ushuke. Kama hakuna kitu cha kulinganisha nacho, kama ilivyokuwa kwa Mahomes, shikilia.

Pili, je, unao uwezo wa kulea vingi? Vijana watatu wanahitaji kocha, chakula na dakika za kucheza. Maduka matatu yanahitaji wauzaji watatu waaminifu. Mwekezaji mdogo ana nafuu hapa, kwa kuwa hisa na vipande havihitaji kulishwa. Kwake yeye kugawa fedha katika sehemu kadhaa hakumgharimu mengi.

Tatu, je, unaweza kungoja? Swali hili ndilo linaloamua mengine yote. Asiyeweza kungoja asijidanganye kwa asilimia za baadaye. Achukue fedha, alipe deni lenye riba kubwa, na msimu ujao akae mezani akiwa na nguvu. Anayeweza kungoja asikubali kamwe bei ya mwenye njaa, kwa kuwa akiba yake ya miezi sita ndiyo mtaji unaomfanya yeye awe Dallas na mwenzake awe Minnesota.

Kwa klabu za Ruvuma hatua ya kwanza haihitaji mnunuzi kutoka Dar es Salaam. Ni kusajili vijana wote kwa tarehe zao za kuzaliwa, na kutenga sehemu ya viingilio hadi mfuko uweze kulipa miezi miwili bila kukopa. Ofa ya kijana ikija baada ya hapo, klabu itaisoma kama muuzaji, si kama mdaiwa.